Nilivyomfungia njia mwanafunzi wangu kwenye mkutano wa waandishi wa sayansi Tabora

Wakuu, salaam kwenu mlioko kazini na mliojificha kazini mnasoma nyuzi.

Hiki ninachoandika hakina chumvi. Kama ningetia chumvi ningejipendelea, na mtaona wenyewe kwamba sijajipendelea. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, sekondari moja huku Uyui, si mbali na Isikizya. Pembeni naandika makala za sayansi. Nyuki, udongo, magonjwa ya mifugo, kwa nini kisima fulani kina maji ya chumvi na cha jirani hakina. Ni miaka mingi sasa. Redio ya hapa mjini wameshasoma makala zangu hewani, na gazeti moja la Dar lilinichapa mara mbili. Mara ya pili walisahau kuweka jina.

Kwa hiyo kwa mkoa huu nilijiona mimi ndiye. Ukisema mwandishi wa sayansi Tabora, umenisema mimi. Hakuna aliyenipa cheo hicho, nilijipa.

Sasa kuna binti, nitamwita Yunisi.

Nilimfundisha kidato cha tatu na cha nne wakati niko Sikonge. Hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa yule wa kuuliza swali kipindi kimeisha na wenzake wameshasimama. Baadaye akasomea uuguzi, akapangiwa zahanati kule Lusu, Nzega.

Siku moja akanitumia makala yake ya kwanza, akaniomba niipitie. Nikaipitia vizuri, nikamrekebishia koma na kichwa cha habari. Nilijisikia raha sana siku ile. Nikasema kazi yangu imezaa matunda.

Makala ya pili nikarekebisha kidogo.

Ya tatu sikupata cha kurekebisha. Nikamwambia ni ndefu, apunguze. Haikuwa ndefu.

Ya nne hakunitumia. Alichukua likizo yake yote akaenda kukaa na akina mama wafuga nyuki ndani kabisa ya misitu ya miombo ya Sikonge, akaandika habari zao. Ikasambaa. Watu wakawa wananitumia mimi kwenye simu: mwalimu, umeiona hii? Hata mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya shule pale mjini, tunayetaniana naye kila nikienda kununua chaki, aliniuliza kama namfahamu aliyeandika.

Nikasema namfahamu kidogo.

Kidogo, wakuu. Mtu niliyemfundisha miaka miwili.

Basi ukatangazwa mkutano wa waandishi wa sayansi wa kanda hii ya magharibi, siku mbili, ukumbi wa hoteli moja jirani na stesheni. Watafiti watakuwepo, wahariri kutoka Dar, watu wa redio. Siku ya kwanza ni mada. Siku ya pili ndiyo ile wanaita networking, yaani unasimama na kikombe cha chai unamtafuta mtu wa maana ujitambulishe kwake.

Nilijiandaa kama mtahiniwa. Nikachapisha kadi zenye jina na namba. Nikafanya mazoezi ya kujieleza kwa dakika moja mbele ya kioo, mpaka mke wangu akapita akaniuliza kama naenda kuposa.

Yunisi alikuja na gauni la kitenge na viatu vyenye vumbi la Nzega. Aliponiona alikuja moja kwa moja.

"Shikamoo mwalimu."

Marahaba. Akakaa kiti cha jirani, akaniuliza habari za nyumbani, za shule, za mama. Hakuwa na majivuno hata chembe, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Angeringa ningepata sababu.

Siku ya pili, wakati wa chai, watu walianza kumjia. Walikuwa wanakuja mmoja mmoja, kisha wawili wawili, wananipa mgongo wanaongea naye. Mimi nimeshika kadi zangu. Mtafiti mmoja alinipa kikombe chake kitupu nimshikie, ili apate mkono wa kuandika namba ya Yunisi.

Nikakishika.

Baada ya chai mwongozaji akamwita mbele aeleze alianzaje kuandika. Nikakaa sawa kwenye kiti. Nilishaandaa na uso wa kushtukizwa, maana nilijua nitatajwa.

Akasema alianza kwa sababu wagonjwa walikuwa wanamuuliza maswali, na vile vipeperushi vya zahanati havikuwa vinajibu. Akasema bibi yake alimfundisha kumsikiliza mtu mpaka amalize. Akawashukuru wale akina mama wa Sikonge. Akashuka, watu wakapiga makofi.

Na mimi nikapiga.

Wakuu, wivu una joto lake. Kwangu ulianzia masikioni ukashuka kifuani, na kuanzia hapo sikusikia tena kilichosemwa pale.

Mchana Yunisi akaaga mapema kuwahi basi la Nzega. Haukupita muda, mhariri mmoja kutoka Dar, mama wa makamo nitakayemwita Bi Salma, akaja mezani kwangu. Nikatoa kadi.

Akanieleza wanataka mwandishi wa kukaa na timu ya watafiti Sikonge mwezi mzima, kufuatilia nyuki wanaofugwa jirani na mashamba ya tumbaku. Ni mfululizo wa makala. Yeye moyo wake uko kwa Yunisi, asubuhi amemdokeza juu juu tu kwamba atampigia, ila hajui ratiba yake ya kazi. Kaambiwa mimi ni mwalimu wake.

"Unadhani ataweza kupata ruhusa?"

Hapa ndipo penyewe. Swali lilikuwa jepesi, na jibu la kweli lilikuwa: sijui, ngoja nimpigie.

"Hawezi," nikasema. "Yule ni mwajiriwa, pale wako wachache. Halafu ameniambia kuandika kunamchosha, nadhani anaacha."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Bi Salma akasikitika kidogo, akaangalia kadi yangu, akaniuliza mimi niko vipi. Nikasema shule zinafungwa mwezi ujao, nina nafasi. Hilo lilikuwa kweli.

Nikapata kazi.

Sikonge nilifika na begi jipya. Njia ni ya vumbi, unapishana na baiskeli zimebeba madumu ya asali. Mwenyekiti wa kikundi cha wale akina mama, Mama Kashindye, alinipokea vizuri. Swali lake la kwanza lilikuwa Yunisi yuko wapi. Nikasema amebanwa na kazi.

Wakawa wananijibu kama wanavyomjibu mtu wa serikali. Ndiyo. Hapana. Tunashukuru. Siku ya tatu nikawakuta wanachuja asali, wanaongea Kinyamwezi, wanacheka. Nilipofika wakanyamaza, mmoja akainuka kuniletea kiti.

"Mwenzako alikuwa hakai," Mama Kashindye akaniambia. Hakusema kwa ubaya. "Tulikuwa tunampa kisu, anakata masega."

Nami nikaomba kisu. Wakanipa. Lakini mtu aliyepewa kisu na mtu aliyeomba kisu hawasikii maneno yale yale.

Nikaandika makala ya kwanza, nikatuma. Kesho yake asubuhi Bi Salma akanipigia, nimesimama kando ya bani la kukaushia tumbaku.

"Mwalimu, kila kitu humu ni sahihi," akasema. "Ila hamna watu." Akauliza kama ningeweza kumwomba Yunisi aje hata siku mbili tu, anisaidie kuongea na wale akina mama.

Nikamwambia. Kwamba sikuwahi kumuuliza Yunisi, na kwamba hajawahi kusema anaacha.

Bi Salma hakupandisha sauti. Akasema nimalize makala zinazohusu utafiti wenyewe, za akina mama niziache. Akakata.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini nilikiri wakati hakuna aliyejua. Nadhani nilichoka kuulizwa Yunisi yuko wapi.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Lusu. Nilimkuta anapima uzito wa watoto, nikakaa kwenye benchi pamoja na akina mama mpaka alipomaliza. Akafurahi kuniona. Tukasimama nyuma ya jengo, nikamweleza yote bila kuremba.

Hakulia wala kugomba. Alikuwa ameshika daftari la kliniki, akalifunga.

"Nilishabadilishana zamu na mwenzangu," akasema. "Mwezi mzima. Nikamwahidi nitamshikia Krismasi na Pasaka. Simu haikuja, nikajua wameona siwezi. Sijaandika kitu tangu siku ile."

Nilitamani anitukane.

Nikamwomba radhi. Halafu, kwa ujinga uliokuwa umebaki, nikamuuliza kwa nini kule ukumbini hakunitaja.

Alinitazama kama anayekadiria dozi ya mtoto.

"Uliniambia ile ya tatu ni ndefu. Nikakata nusu, ikaharibika, na nilikuwa naona inaharibika. Tangu hapo, mwalimu, kwenye kuandika sikukusikiliza tena. Sikutaka kusema uongo mbele za watu."

Nikauliza kama amenisamehe. Akasema, "Nimekusikia." Akarudi ndani, foleni ilikuwa bado.

Bi Salma alimtafuta mwenyewe. Yunisi alienda Sikonge wiki mbili mvua zikiwa zimeanza, na Krismasi akaishika zamu ya mwenzake kama alivyoahidi. Tukikutana ananiamkia kwa heshima zote. Makala hanitumii.

Nilichojifunza ni hiki. Sisi wa fani hizi ndogo, kwenye mikoa ambayo waandishi wa sayansi hawajai hata meza moja, tunadhani nafasi ni kiti kimoja, na aliyekikalia ametuondoa. Networking yangu yote ilikuwa kadi. Ya Yunisi ilikuwa watu waliomkumbuka akiwa hayupo. Na ukiulizwa habari za mwenzako, sema unachokijua. Usichokijua, toa namba yake, muulizaji ampigie mwenyewe.

Msidhani nimepona. Makala yake ya Sikonge ilipotoka niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta makosa, mstari kwa mstari, na kalamu nyekundu mkononi. Sikupata. Mara ya pili nikaweka kalamu chini, ndipo nikaisoma.

Ni nzuri, wakuu. Inauma jinsi ilivyo nzuri.

Walimu, waandishi, na yeyote aliyewahi kupitwa na mtu aliyemshika mkono, njooni mseme. Wa kunichapa anichape, nimekaa.