Nilikataa leza ya zamani kwa sababu dada yangu alipata mpya

"Unataka jiwe litoke, au unataka mashine ya ndugu yako?"

Daktari aliniuliza hivyo, wakuu. Mimi na digrii yangu nikabaki naangalia viatu vyake.

Nawasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoaibika. Mkiona pana shaka ulizeni, mimi mwenyewe ni mtu wa kuhoji kila kitu.

Kwetu ni Mtua, Nachingwea. Dada yangu Zuhura, mtoto wa mama mkubwa, ameolewa Likunja, upande wa Ruangwa. Kanizidi miezi saba tu. Darasani nilimwacha mbali, lakini kwingine kote katangulia yeye: mume, nyumba, shamba la ufuta, na sifa za mama yangu mzazi.

Hata mawe alianza yeye.

Lake lilikuwa ndani ya figo ya kushoto. Akaenda Dar, wakapitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo mpaka ndani ya figo, jiwe likasagwa kwa leza mpya inayoitwa thulium.

Aliporudi nilikwenda kumpa pole. Nikawakuta majirani wamejaa kwenye mkeka, na kwetu ukitoka kupasuliwa lazima uoneshe mshono. Wakamfunua kanga. Hakuna hata mkwaruzo.

"We Zuhura, umepasuliwa au ulienda kutembea?"

"Muulizeni msomi huyo," akasema, akininyooshea kidole.

Wakacheka. Mimi nilicheka meno tu. Mwanamke anaugua, halafu hata kuugua kwake kunapendeza!

Msimu wa ufuta ulipofika ikawa zamu yangu. (Akina dada wa shambani mtanielewa: hatunywi maji kutwa nzima ili tusihangaike kutafuta kichaka. Tunaona ni ujanja.) Maumivu yalianzia ubavu wa kulia yakashuka hadi kinenani, natapika mpaka nyongo. CT scan ikaonesha jiwe limekwama kwenye mrija unaopeleka mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu.

Hospitali niliyopewa rufaa ilikuwa na leza ya holmium.

Nikaingia mtandaoni. Nikasoma kwamba holmium imetumika miaka mingi, inavunja jiwe vizuri, ila mapigo yake yanaweza kulisukuma jiwe lirudi juu. Thulium uzi wake unaopitisha mwanga ni mwembamba zaidi, inasaga jiwe likawa vumbi, na haisukumi sana. Basi, nikaona nimeshapata ushahidi. Nikamwambia daktari sitaki ya zamani, dada yangu alifanyiwa ya kisasa.

Akanieleza bila hasira: "La dada yako lilikuwa ndani ya figo. Lako liko chini, karibu na kibofu. Hapo leza zote mbili zinafika na zote zinalimaliza. Kitakachoharibika ni figo, ukichelewa."

Ndipo akaniuliza lile swali.

Nikasema nitafikiria. Wakuu, sikuwa nafikiria. Nilikuwa naona wale wanawake kwenye mkeka wakisema Zuhura alipata mpya, huyu msomi akapewa ya zamani.

Nikarudi nyumbani na dawa za maumivu. Wiki tano.

Mama akachoka: "Mwenzio kaenda, karudi, sasa anapepeta ufuta. Wewe unasoma simu."

Angejua kauli ile ilivyonichoma, asingeisema. Au angeisema mara mbili.

Wiki ya tano nilipata homa, meno yanagongana. Hospitali, siku hiyo, hakuna aliyezungumzia leza. Mkojo ulikuwa umeziba na umeingiwa na maambukizi, figo imevimba. Wakaniwekea stent, kijibomba laini cha plastiki, ili mkojo upite kwanza, nikapigwa sindano za antibiotiki. Daktari akasema ningechelewa zaidi, ingekuwa habari ya kufa na kupona.

Baada ya wiki mbili wakalisaga jiwe kwa holmium ileile. Halikusukumwa popote. Nilikojoa damu kidogo siku chache, stent ikatolewa, ultrasound ikaonesha figo imerudi kawaida. Mshono? Mimi pia sina.

Nilichojifunza: ulizeni jiwe liko wapi, lina ukubwa gani, figo iko katika hali gani, na anayeshika hiyo leza ameizoea kiasi gani. Jina la mashine liulizeni mwisho. Na mjichunguze, maana mimi wivu wangu niliuita utafiti.

Waliopitia thulium au holmium, tupeni uzoefu wenu hapa chini. Madaktari mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea.

Ila hili limeniuma, ndiyo maana nimefungua uzi. Mwezi uliopita nilimsindikiza Zuhura kliniki, nikaingia naye hadi kwa daktari. Jiwe lake lilitoka lote, kweli. Lakini alikuwa ameishi nalo kimya miaka, na figo ile ya kushoto ilikuwa imeshaharibika kabla leza haijaigusa. Inafanya kazi kidogo sana, na haitarudi.

Nje nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenihurumia," akasema. "Nilipenda ulivyokuwa unanionea wivu."