Karatasi Isiyo na Muhuri

Saa moja asubuhi, mtaa wa Murara, Goma. Uwingabire Donatille ameketi barazani, kompyuta magotini, miguu juu ya jiwe jeusi la volkano ambalo ndilo kizingiti cha nyumba yao. Anagonga milango. Si ya mbao, ni ya kompyuta za hospitali moja ya binafsi mjini Goma, na anaigonga mmoja mmoja apate kujua upi hauna kufuli. Kando ya chai yake kuna barua ndani ya mfuko wa nailoni.

“Bila hii barua sigusi hata kitufe,” anasema. “Hii njo inatenganisha miye na mwizi.”

Somo hilo alilipata mahabusu. Mwaka 2020, akiwa fundi wa simu tu, aligundua kuwa faili za wagonjwa wa hospitali hiyohiyo zinafunguka kwa yeyote mwenye intaneti. Akafungua tatu ziwe ushahidi, akaenda mbio kumwambia msimamizi, Papa Birindwa. Alitarajia asante. Birindwa akaita polisi.

“Aliniuliza, nani alikutuma? Hakuna mutu alinituma,” anakumbuka. “Mutu akikuambia mlango wako uko wazi, na yeye tayari amekaa ndani ya saloni yako, utamuita nani?”

Aliachiwa jioni, lakini jina likabaki mtaani: Mwizi ya Ordinateur, yaani mwizi wa kompyuta. Akaapa kulifuta kwa cheti cha udukuzi halali, kile cha watu wanaovunja kwa ruhusa ya mwenye nyumba ili waone tundu kabla ya mwizi.

Mtihani hufanywa kwenye mtandao, kwa muda wa saa nne, kamera ikikutazama. Wiki ya mtihani wake, Mei 2021, mlima wa volkano ukalipuka. Akauacha mtihani, akakimbilia mji wa Sake, kompyuta mgongoni, ameifunga kwa kitenge kama mtoto.

“Mama mumoja njiani akaniambia, tengeneza mutoto shingo, anakosa hewa,” anacheka. “Nikamujibu, huyu hapumui, lakini akikufa na miye nimekufa.”

Mwaka uliofuata waasi wakaingia Bunagana, mpakani. Baba yake, muzee Zéphirin Twizeyimana, karani wa forodha huko kwa miaka thelathini na mmoja, akaja Goma na mfuko mmoja. Vita vilipofika Kibumba, karibu na Goma, umeme ukakatika Uwingabire akiwa katikati ya mtihani mara ya pili. Mara ya tatu akaufanyia kwenye ukumbi wa parokia wenye umeme wa jua. Akapita.

Cheti kikaja kwa barua pepe. Akakichapisha, akampa baba. Muzee akakigeuza mara mbili.

“Cachet iko wapi?”

“Haina muhuri, Papa. Wanahakikisha kwa namba.”

“Karatasi bila cachet ni ya kufungia maandazi.”

Jirani akawaambia yupo fundi anayechonga muhuri wowote kwa soli ya sandali, kabla chai haijapoa. Uwingabire akamtazama baba. “Papa, ningefika na cachet ya soli pa barrière yako ya mpaka, ungeniacha nipite?”

“Ningekufunga,” muzee akasema. “Twende vile iko.”

Wakaenda wote wawili hospitalini.

“Mwizi wetu amerudi,” Birindwa akawapokea. Naye akauliza cachet. Uwingabire akamwomba aandike namba ya cheti kwenye simu yake mwenyewe. Jina likatokea, na picha, kutoka kwa waliomtahini.

“Cachet inachongwa na soli,” muzee akasema. “Ile namba utaichonga na nini?”

Birindwa akasoma hadi chini. Kisha akavuta droo, akatoa muhuri wake akigonge cheti, eti kikamilike. Uwingabire akakifunika kwa kiganja.

“Hapana, Papa Birindwa. Ya kwako tuiweke pa barua ya ruhusa.”

Wakaandika barua: aguse nini, tangu lini, hadi lini. Muhuri ukalia juu yake. Ndiyo hiyo iliyo kwenye nailoni.

Tangu hapo ameonyesha matundu kumi na moja, yote yamezibwa. Analipwa dola mia mbili na hamsini kwa mwezi, mara tatu ya pato la simu. Birindwa humwita Madame Sécurité, yaani Bibi Usalama.

Mwezi ujao anataka kufundisha hapo barazani wasichana sita waliokimbia vita. Somo la kwanza halina kompyuta: kila mmoja ataandika barua ya kuomba kuingia, na muzee Zéphirin atakaa mlangoni kuzikagua.

“Ameshasema wa kwanza kuonyesha barua ni miye,” anasema Uwingabire. “Nyumba ni ya kwangu, lakini nimeandika.”