Nani Alokwambia?

Haya yalinipata mimi mwenyewe, wala hayakunipata usiku, wala sikuwa na homa. Ilikuwa alasiri, jua la Kisauni linawaka, nami nimetoka kusomesha. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nilikuwa nikicheka mambo kama haya.

Wakati wa vita nilisomesha skuli moja na mwanachuoni wa lugha, Maalim Athmani. Alikuwa na mambo mengi yule: akifuga njiwa, akitengeneza saa mbovu za watu wa Mtopanga, na akipenda kupika kuliko mkewe alivyopenda. Aliketi majikoni na kina mama, akiwakunia nazi huku akiyaandika maneno yao daftarini. Kila neno alilitilia jina la aliyemwambia, hata kama ni mchuuzi wa kuni. Kuliacha jina hilo, kwake yeye, kulikuwa wizi.

Nilimchukia. Unataka kujua sababu? Mimi ni mtu wa Rabai, nimelelewa na bibi, na kuitika nilijifunza kwake. Kwenye harusi moja Mishomoroni mzee mmoja akaniita mbele ya wanaume wenzangu, nami nikaitika, "Abee." Maalim akanirekebisha palepale, kwa upole, kwamba abee ni ya wanawake, mwanamume huitika naam. Hakukusudia ubaya, najua. Lakini watu walicheka mpaka machozi, na tangu siku hiyo hata wanafunzi waliniita Bi Abee. Niliapa atanilipa.

Alipofariki, nilimwendea mjane wake nikamwambia nitalitengeneza daftari la marehemu lipate kuchapishwa. Akanipa kwa mikono miwili. Nyumbani kwangu Utange nikayanakili maneno yote, majina nikayaacha yote, na juu nikaandika langu peke yake. Daftari nikalitia moto. Nisikufiche, nilifurahi sana.

Kitabu kilikuwa kimetoka juzi tu siku ile niliporudi alasiri. Mke wangu alikuwa amekwenda kuteka maji, lakini jikoni nikasikia nazi inakunwa. Nikachungulia. Mwanamume ameketi juu ya mbuzi, amenipa mgongo, na kofia yake naijua. Niamini, Maalim nilimzika kwa mikono hii.

Hakugeuka. "Hiki nilokalia chaitwaje?"

"Mbuzi," nikasema.

"Nani alokwambia?"

Akauliza kata, akauliza kifumbu, akauliza upawa, na kila nilipotaja chombo alirudia swali lile lile kwa sauti ile ile ya upole. Ningetaja jina la mama mmoja tu, naamini angeniacha. Niliyajua majina yale. Ukaidi ndio ulionizuia.

"Yote ni yangu," nikamwambia mwishowe. "Jina langu ndilo liko juu."

"Haya, litaje."

Nikafungua kinywa, na jina halikuwamo.

Mke wangu alinikuta nimesimama peke yangu. Akauliza ni nani aliyemkunia nazi, sahani imejaa, bado mbichi. Kisha akaniita kwa jina, nami nikaona midomo yake inacheza bila sauti.

Mpaka leo ni hivyo. Likitajwa, silisikii. Likiandikwa, naona karatasi tupu. Skuli waliniondoa, maana mwalimu asiyeweza kuitika wala kutia sahihi ni wa kazi gani? Nilikwenda kwa yule mjane nikakiri yote. Akalia, akasema amenisamehe, na mwisho wa maneno yake nikaona midomo inacheza tena. Yeye alisamehe. Mumewe hajasamehe, na mimi pia sijamsamehe, nakwambia kweli.

Ndiyo maana hukuliona jina langu hapa. Wewe unayeandika, ukipewa neno jikoni kwa watu, muulize aliyekupa anaitwa nani, na uliandike kabla ya lako. Siku ya kufufuliwa kila mtu ataitwa kwa jina lake. Mimi nitasimama pale na wenzangu, nami sitajua nimeitwa.