Mabakuli Mbele ya Sufuria

Enzi zetu, sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, siku ya mgao wa chakula hakuna aliyesimama juani. Ulipanga chombo chako kwenye mstari ukaenda kukaa kivulini, na hakuna aliyethubutu kukisogeza. Ndoo yenye ufa, sufuria iliyobonyea, bakuli la plastiki. Kila mtu alikijua cha jirani yake. Watoto tulicheza kombolela katikati ya vyombo, na mama zetu wakatufokea tusivipindue.

Lakini unga haukufika mwisho wa mwezi, kwa hiyo msimu wa maharage Baba alituamsha alfajiri twende kutafuta kibarua. Mashamba mengi hayakutaka watu wa kambini. Ukijulikana, unaambiwa kazi imejaa, na anayekuja nyuma yako anapokelewa papo hapo. Njiani Baba alitufundisha: "Mwana wanje, mwanangu, ukiulizwa, sisi ni wenyeji wa Munanila. Usiseme sana." Kirundi chetu na Kiha chao vinaelewana, tukawa na matumaini. Hata hivyo, kila aliyenitazama mara mbili nilihisi ameshajua.

Mwaka mmoja tulipata. Mama aling'oa maharage kwa kasi hadi mwenye shamba, mzee mmoja mpole, akasema tukae msimu mzima. Msimu mzima! Baba akaanza kupiga mluzi. Mchana ukaletwa ugali wa muhogo kwenye sinia na sufuria ya dagaa, na vibarua wenzetu wakasogea kuzunguka sinia. Baba akafungua kifurushi, akatoa mabakuli yetu manne, akayapanga chini mstari mmoja mbele ya sufuria, kisha akaenda zake kukaa kivulini kusubiri.

Mama alifumba macho. Kibarua mmoja akaangua kicheko: "He! Kumbe ni wa kambini hawa!"

Mwenye shamba hakutufokea. Alitupakulia, tukala, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kesho msije." Nililia njia nzima. Baba, aliyetufundisha yote yale, alitangulia mbele na kile kifurushi cha mabakuli.

Leo sisi ni raia, kambi ilishafungwa, nami naishi Buhigwe. Binti yangu Odeta amesomea uuguzi, na asubuhi hii ameitwa usaili kwenye zahanati ya mtu binafsi. Nilimwambia wakimuuliza kwao ni wapi, aseme Munanila. Akacheka huku akijipiga picha kwa simu. "Mama, punguza presha bwana! Nitawaambia wazazi wangu wametoka Mtabila, kwani shida iko wapi?" Watoto wa siku hizi! Wanachoogopa ni chaji kuisha tu. Namwonea wivu, na namwogopea.

Nimekuja bombani angalau moyo utulie. Maji bado hayajafunguliwa. Walimu, wake wa maofisa waliohamishiwa hapa kutoka mikoa mingine, wenyeji, wote wamepanga ndoo zao mstari mrefu, wamekaa kivulini wanapiga soga, na hakuna anayemcheka mwenzake. Wananiita nikakae nao. Nawajibu niko sawa. Nimesimama juani peke yangu, nimeshikilia mkono wa ndoo yangu, naitazama njia ya kutoka zahanati.