Jina la Mama Redioni

Juzi nilikaa kwenye benchi la kituo cha redio pale Homa Bay, nimechoka, mkononi karatasi yenye jina la mama. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa Kiingereza kule Kisegi. Alitufundisha kwamba "famous" ni mtu ambaye jina lake linajulikana kila mahali.

Siku ya somo hilo nilitoka shule nikamkuta mama akianika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu kuukuu, harufu imejaa ua mzima. Redio ilikuwa ikisoma majina kama kila alasiri: fulani wa Rusinga, mke wa fulani, mama yake fulani wa Nairobi, ametutoka. Mimi niliamini wametoka kwenda kutuzwa mahali.

"Mama, wewe utakuwa famous lini? Mbona hawakusomi?"

Akacheka cheko la mtu aliyechoka.

"Bado, nyara, binti yangu. Wacha kwanza omena ikauke."

Nilimwonea huruma jioni nzima.

Juzi walimsoma, mara moja tu, katikati ya majina mengine ya waliotutoka. Nilikuwa nimesharudi nyumbani, nikalisikiliza jina lake pale uani. Omena yake ya mwisho ilikuwa imeshakauka.