Niliwapeleka wageni Idjwi, nikapokelewa pamoja nao

Wakuu, amani kwenu.

Kwenye ule uzi wa maziwa kuna watu waliuliza kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kikoje. Mimi ni mzaliwa wa huko, naishi Bukavu mwaka wa tisa sasa. Nitawaambia kilivyo, hata yale yasiyonipendeza mimi mwenyewe.

Kiserikali ni teritware tu, yaani wilaya, ya Kivu Kusini, lakini sisi wenyewe tunajiona jimbo zima. Usibishane na mtu wa Idjwi juu ya hilo, utapoteza siku.

Boti zinaondoka Bukavu asubuhi. Beba koti, ziwani kuna baridi.

Ukifika, teksi ni pikipiki, na njia zote ni kupanda na kushuka, kwa hiyo viatu vya kujionyesha viache hotelini. Chaji simu kabla, umeme usiutegemee. Samaki wadogo tunaowaita sambaza utakula mpaka uchoke. Na ukikutana na mtu njiani, simama umsalimie, la sivyo sifa zako mbaya zitatangulia kijijini.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaposti mtandaoni, nimekaa peke yangu katika chumba changu cha kupanga Kadutu, hapa Bukavu. Kisiwani kwenyewe sikuwa nimekanyaga tangu mazishi ya papa, baba yangu.

Niseme tu, niliona aibu. Mimi ndiye mtoto mkubwa wa nyumba. Papa alipofariki nilikaa siku mbili, nikarudi mjini, nikamwachia mdogo wangu Mugisho kahawa, nyumba na mambo yote ya ukoo. Akipiga simu, nasema niko bize. Mwishowe akaacha kupiga.

Basi majuzi watu watatu wa Lubumbashi walioona posti zangu wakaniomba niwapeleke. Nilifurahi kupita kiasi, wakuu. Nilijua nimepata mlango wa kuingilia kwa papa: nitafika na wageni, niwakaribishe kama mwenye nyumba, na ile miaka hakuna atakayeitaja.

Nikampigia Mugisho. Akasema tu, karibuni.

Alitupokea vizuri. Akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kwa heshima, sawasawa na alivyowapa wale watatu. Akatuketisha kwenye viti vinne uani, yeye akabaki amesimama.

Ikaletwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu. Hapa mgeni ajue: kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya macho yenu, muone haina sumu, ndipo anawapa. Papa akiwa hayupo, wa kuonja ni mimi. Nilikuwa nimewaeleza hivyo wenzangu botini, tena kwa maringo.

Nikanyoosha mkono. Mugisho hakunikatalia kwa maneno. Aliinua kibuyu, akaonja, akafuta mdomo, akanipa mimi wa kwanza.

"Yaya, kunywa," akasema polepole. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Usiogope, nimeshaonja."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nikanywa. Wageni wakapiga picha, wakasema mila zetu ni nzuri. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ua niliojifunzia kutembea, na sijawahi kuwa mpweke namna ile, hata Kadutu.

Kesho yake Mugisho alitusindikiza mpaka botini na mananasi, maana kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Kila mmoja akapewa lake. Nikamwambia mimi asinipe, si ni ya shamba letu? Akaangalia ziwa kidogo.

"Chukua tu, yaya. Kule mujini munanunuaka."

Lile nanasi liko mezani hapa ninapoandika. Limeanza kulainika na sijalikata.

Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kuomba msamaha kwenu, usijifiche nyuma ya watu. Ilipasa niende peke yangu, bila posti wala picha, nishike jembe hadi Mugisho mwenyewe achoke kuniangalia.

Nyie njooni Idjwi bila wasiwasi. Wageni wanapokelewa vizuri sana kwa papa, mimi ni shahidi.

Ila kama humu kuna mtu aliyewahi kufanywa mgeni kwao, aniandikie hapa chini alifanyaje mpaka akawa tena mtoto wa nyumba. Bado sijampigia Mugisho, sijui nianzie wapi.