Kiberiti Mfukoni mwa Koti

Asubuhi hiyo niliamka Sumbawanga sina kazi wala safari, nikatembea hadi stendi kuona wenzangu wanakwenda wapi. Fuso moja iliyokuwa imeshusha mahindi ilikuwa inarudi upande wa Mpui. Dereva aliniuliza nashukia wapi. Nikamwambia nitajua nikipaona. Akacheka, akaniambia nipande.

Nilipaona kabla ya kufika Mpui. Mvua zilikuwa zimekatika karibuni, nyasi zimeanza kugeuka rangi, na kwenye mteremko mmoja kundi kubwa la watu, wengi wao akina mama, lilikuwa linalima shamba dogo kwa kasi ya ajabu. Pembeni, mzee mmoja aliyevaa koti zito alikuwa amekaa kwenye kigogo akiwatazama. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijaacha. Nikashuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kuwasaidia hawa?"

"Hapana, napita tu."

"Basi kaa na mimi. Leo sina mtu upande wangu."

Mama mmoja aliyefunga kanga kiunoni alisikia, akanifuata na jembe mkononi. Yeye ndiye kiongozi wa kikundi cha kutunza chemchemi. Alinionyesha bondeni, chini ya shamba, miche ya mikuyu iliyozunguka chemchemi ambayo kijiji kizima kinakunywa. Maji yalikuwa yameanza kupungua, ndiyo maana wakapanda. Lakini mzee hana tena nguvu za kulima, kwa hiyo nyasi za shamba lake anazichoma. Mwaka jana moto ulimponyoka, ukashuka bondeni na kula miche yote. Hii ilikuwa miche ya pili.

"Tumekubaliana," mama akasema. "Tukimaliza shamba leo, kiberiti anatukabidhi. Tukibakiza kona, anachoma."

"Hata kona ndogo," mzee akasema, akipapasa mfuko wa koti.

Nikapewa jembe. Huku Ufipa nyasi huzikwa. Unakata udongo pamoja na majani yake, unaupindua, unajenga tuta la mviringo wanaloliita ntumba, na nyasi zinaozea ndani mpaka ziwe mbolea ya ulezi. Niliona ni rahisi. Tuta langu la kwanza lilisimama vizuri, ila majani yalikuwa yamechomoza pande zote.

"Huyu umemzika kichwa kiko nje," mama mmoja akasema.

"Mwache, anataka apumue," mwingine akadakia.

Wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Nikabomoa, nikajenga upya. Togwa ilipita kwenye kibuyu, nyimbo za Kifipa nikaziitikia bila kuzijua, na mgongo wangu ukanikumbusha kila kazi niliyowahi kuikimbia. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo nikiwa nimechoka.

Jua lilipokaribia kuzama, kona moja ilikuwa bado, tena ilikuwa yangu. Mzee akasimama. Nilidhani anatoa kiberiti.

"Unaliharibu shamba langu," akaniambia. "Lete jembe."

Akalima taratibu, akipumzika kila baada ya mapigo machache, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Tuta lake lilikuwa la duara kamili, halionyeshi hata jani moja. Alipomaliza akalipigapiga kwa bapa la jembe, akatoa kiberiti na kumpa yule mama kiongozi kwa mikono miwili. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Na huyu mgeni analala wapi?" mama akauliza.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijajiuliza.

"Kwangu," mzee akasema. "Chumba cha wanangu kiko wazi. Kesho atabomoa lile tuta lake na kulijenga upya."

Nyumbani kwake nilitandika mkeka, nikateka maji kule chemchemini, nikapanga kuni jikoni. Ubaridi wa jioni ulikuwa umeanza kuuma. Mzee akainama juu ya mafiga, akapapasa mfuko wa koti, kisha mfuko wa pili. Akanitazama.

"Nenda kwa yule mama," akasema. "Mwambie naomba njiti moja."

Nilipomfikishia salamu, mama alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanifuata mwenyewe, akawasha moto wa mzee kwa mkono wake, na kiberiti akakifunga kwenye pindo la kanga.